Niliyowaambia wahitimu wa ushonaji, Tanga

(Wengi mliniomba maneno niliyoongea kwenye mahafali. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na pale nilipotoka nje ya mada nimepaacha hivyo hivyo.)

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za mchana. Mgeni rasmi naomba nikusalimu, mkuu wa chuo, walimu, wazazi wenzangu mlioacha shughuli zenu mkaja, na nyie wanangu mliovaa majoho, majoho ambayo toka nimekaa pale nayaangalia pindo zake, aliyeyashona nitaongea naye badae pembeni.

Nimepewa dakika ishirini niongelee ubunifu na kujiendeleza kwenye maisha ya kila siku. Mwalimu aliponipigia simu nikamwambia mwalimu, mie nashona tu pale Ngamiani, haya mambo ya kujiendeleza wapo watu wanayaongea vizuri kwenye redio na suti wanavaa, akanijibu mama hao tumeshawasikia. Haya basi.

Niseme kabisa ninachokiamini ili hata akiitwa mtu chooni awe ameondoka nacho. Hiyo kazi unayoirudia kila siku, hiyo hiyo inayokuchosha, ndo inakufundisha kubuni kuliko kitu kingine chochote. Naona vijana wengi wanasubiri, mmoja anasubiri mtaji, mwingine anasubiri apate fremu mjini, mwingine anakwambia mama mi sina kipaji, yani kipaji anakiongelea kama barua iliyotumwa kwa jina la mtu mwingine. Wakati huo huo anakata na kushona kutwa nzima na vitu vinapita mbele ya macho yake havioni.

Tuanze na simu maana mmezishika.

Mteja wa siku hizi haji na kitambaa tu, anakuja na kitambaa na simu. Fundi nataka hii. Unaangalia, kwenye picha kuna dada wa Lagos sijui wa Accra, mrefu, mwembamba, gauni la kitambaa kinachovutika limemkaa kama amezaliwa nalo, chini limeachia mkia. Unamtazama mteja wako, mfupi, hipsi amejaaliwa mashallah, kitambaa chake ni kitenge cha pamba hakivutiki hata ukikining'inizia jiwe, na amekuja na yadi tatu kwa sababu tatu nyingine kampa wifi yake. Anataka Jumamosi. Leo Alhamisi.

Nawasikia mafundi wenzangu wakilalamika kwamba simu zimeua ubunifu, tumekuwa watu wa kukopi tu. Mi nabisha hapo, na nabisha kwa nguvu. Kukopi gani huko? Mwili ni mwingine, kitambaa ni kingine, kipimo hakitoshi, na picha yenyewe imepigwa kwa mbele, nyuma hujui zipu ilikaa wapi wala dati, ile mikunjo ya kubana kifuani na kiunoni, zimeanzia wapi. Kitenge kina upana wa inchi kama 45 hivi, na kina maua au kina ndege, na hao ndege wana kichwa na mkia, ukigeuza kipande ili kikutoshe basi upande wa kushoto ndege wanaruka kwenda juu na upande wa kulia wanaanguka kichwa chini. Mteja ataliona hilo kanisani, na akiliona kaliona kila mtu, halafu ataulizwa fundi wako nani.

Kwa hiyo unafanyaje. Unakaa na kile kitambaa mezani unakizungusha, unakizungusha tena, unaweka chaki unafuta. Unagundua kwamba kipande kibaya kinaweza kukaa kwenye bitana ya kifuani ambako hakuna atakayekiona. Unagundua kwamba mshono uliotakiwa kukaa ubavuni ukiuleta mbele kidogo unapata nafasi ya inchi mbili na juu yake unapitisha utepe unakuwa urembo. Mikono haitoshi, basi mikono unaikata kwenye kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suti ya watu, na ukisharudisha ule weusi kidogo shingoni na kwenye pindo, gauni linaonekana limepangwa hivyo toka mwanzo. Jumamosi mteja anakwambia eh fundi, huu weusi umeutoa wapi mbona umenipendeza. Umetokana na zile yadi tatu alizompa wifi yake! Lakini humwambii. Wiki zinazofuata wanakuja rafiki zake wote wanataka mikono myeusi na wao wana kitambaa cha kutosha.

Huo mshono haukuwepo duniani Alhamisi asubuhi, umeupata kwa sababu kitambaa kimekataa na mteja hajakataa. Huyo aliyejifungia ndani akitafakari nani anajua alipata nini.

Na hili halijaanza na sisi. Hizi kanga mlizojifunga mama zangu pale nyuma, Mombasa wanaita leso, mnajua zilianzaje? Zamani, karne ya 19, pwani hii ya kwetu, Unguja na Mombasa, walikuwa wanaletwa vitambaa vidogo vya mkononi vya kujifutia jasho, vina rangi na maua, vimechapwa vimefuatana kwenye jora moja, muuza duka anamkatia mnunuzi kimoja kimoja. Wanawake wakaangalia lile jora. Wakamwambia muuza duka usikate kimoja, nikatie vitatu vikiwa vimeungana, nipe na vitatu vingine. Wakafika nyumbani wakashona vitatu juu ya vitatu, ikatoka nguo moja pana ya kujifunga ambayo hakuna duka lililokuwa nayo. Ndo hivyo tu. Sindano na uzi na mtu aliyetazama jora akaona nguo pale ambapo mwenye duka anaona vitambaa vya pua.

Ikapendwa mpaka wafanyabiashara wenyewe wakaanza kuagiza viwandani ije imechapwa kipande kizima, mji katikati na pindo kuzunguka. Maneno yalikuja baadae, mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi wanamtaja mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, yule ambaye kanga zake zimeandikwa Mali ya Abdulla, kwamba ndo aliyeanza kutia jina, yani hayo maneno, kwenye kanga, na majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mzee huyo tunamjua kwa jina na duka lake tunalijua. Wale kina mama waliosema nikatie vitatu hakuna aliyeandika majina yao. Mi hilo linaniuma kidogo, ila pia linanifurahisha, maana lina maana waliofanya hivyo hawakuwa watu wa kuandikwa, walikuwa kina mama wa nyumbani kama wale pale wanaopepea watoto. Na tangu hapo mwanamke wa pwani akitaka kumsema mtu hafungui mdomo, anajifunga kanga anapita mlangoni kwake. (Mama mmoja pale mbele amecheka sana, shoga yangu huyo tutamuuliza amempitia nani.)

Sasa niwaulize nyie wenye vyeti. Nani anaweza kuniambia sindano ya mkono na sindano ya cherehani zimetofautiana nini? ... Umesema unene. Mwingine? ... Ehe, huyo binti kapata, tundu. Ya mkono tundu liko nyuma, uzi unafuata sindano, ya cherehani tundu liko mbele kwenye ncha. Mmeshatunga uzi mara ngapi kwenye hiyo sindano miaka hii miwili na hamjawahi kujiuliza kwa nini liko pale?

Watu walihangaika muda mrefu sana kutengeneza mashine ya kushona wakiwa wanaiga mkono wa mtu, sindano iingie upande huu itokee upande wa pili irudi, na mashine haiwezi kuiachia sindano ikaenda kuipokelea ng'ambo kama unavyofanya wewe kwa vidole. Mmarekani mmoja, Elias Howe, fundi wa mitambo, mwaka 1846 akapewa haki ya ubunifu kwa cherehani yenye sindano ya tundu nchani na nyuzi mbili, mmoja juu mmoja chini. Sindano haivuki kabisa. Inachoma, inapitisha kitanzi kidogo cha uzi chini ya kitambaa, inarudi, na uzi wa chini unapita ndani ya kile kitanzi kabla hakijakazwa. Basi. Isaac Singer akaja na yake mwaka 1851, akawa hodari zaidi wa kuuza, ndo maana bibi zetu cherehani yoyote wanaiita Singa. Kuna hadithi kwamba Howe aliliota lile tundu usingizini, kaota watu wana mikuki yenye matundu kwenye ncha. Hadithi tamu ila mimi siinunui, mtu aliyeshinda mitambo inamkatalia miaka hata akiota ataota mitambo.

Nimewapeleka huko ili mkirudi karakana mfungue kile kibati cha chini ya sindano, mzungushe gurudumu kwa mkono polepole, muangalie kile kitanzi kinavyoundwa. Dakika mbili. Fundi aliyewahi kukiona kile kitanzi uzi ukianza kuruka anajua aangalie wapi, sindano imepinda au imewekwa nyuma mbele, na fundi ambaye hajawahi kukiona anamlaumu muuza uzi. Kujiendeleza ninakokujua mimi kunaanzia hapo, kwenye kitu kilicho mbele ya pua yako ambacho umekizoea mpaka hukioni tena.

Maana kuzoea ni kutamu, jamani. Ukishajua sketi ya solo unaweza kuishona huku unaangalia tamthilia. Hakuna ubaya, mikono ikijua kazi kichwa kinapumzika. Ila kichwa kilichopumzika kuna watu wanakipeleka kwenye umbea tu miaka kumi na tano, na kuna mtu anakitumia kuuliza, hivi hii dati ikianzia chini kidogo itakuwaje? Hao wawili mwaka wa kwanza wako sawa kabisa, huwezi kuwatofautisha. Mwaka wa tano unawatofautisha.

Nitoke kwenye vitambaa kidogo. Kuna binti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, kwenye familia ya watumwa, hata jina la kwanza walimuita Mtumwa. Shule hakupata. Mama yake alikuwa mfinyanzi na yeye akafinyanga, vyungu anavipeleka kuuza, na anayeuza kwa kutembea lazima apaze sauti watu wasikie, si mnawasikia wauza samaki asubuhi. Sauti ya yule binti watu waliijua kabla hawajaujua uso wake. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa muziki na kuimba, mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kurekodi santuri, kwa Kiswahili, ndo huyo Siti binti Saad. Siti walimpa baadae, heshima hiyo.

Mi kinachonishika kwake si Bombay. Taarab ilikuwa muziki wa ikulu ya sultani, inaimbwa Kiarabu. Yeye na wenzake wakaimba Kiswahili na wakaimba mambo yanayotokea mtaani, Ng'ambo kule, mitaa ya watu wa kawaida pale Unguja mjini, nani kadhulumiwa, nani kahukumiwa na nani kaachiwa kwa sababu ana pesa. Yani yale yale ambayo wauza vyungu wanayaongea wakikaa kivulini. Hakwenda kutafuta maudhui mbali, alikuwa nayo kichwani toka anabeba vyungu, na sauti alikuwa ameshaifanyia mazoezi barabarani bila kulipa ada kwa mtu.

Wa pili huyu amepita hapa hapa Tanga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alizaliwa 1932, akaja huku kwetu kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kama walivyokuja babu zenu wengi mliokaa hapa, ndo maana Tanga kila kabila lipo. Akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa mzungu. Mwaka 1968 ndo akaanza kuchora, mtu wa miaka thelathini na kitu huyo, si mtoto. Hakununua turubai wala rangi za wasanii, pesa ya wapi. Alichukua vipande vya mbao laini zile za kufungia dari, masonaiti, na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Rangi ile inang'aa, inakauka ngumu, haikubali kuchanganywa polepole ukapata kivuli kivuli kama picha za kizungu. Basi yeye akaacha vivuli. Akachora mnyama mmoja mkubwa, au ndege, rangi kamili, mistari imekatwa wazi, madoa doa, nyuma rangi moja. Anauza Oysterbay karibu na Morogoro Stores, wazungu wanapita wananunua. Wageni wakaja kusema hiyo ndo sanaa yenyewe, ina mtindo wake. Mtindo umetokana na kopo la rangi ya baiskeli!

Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Dar wakidhani ni mhalifu, akafa. Lakini alishawafundisha ndugu na vijana wa karibu yake, na wao wakafundisha wengine, na leo ukienda kununua zawadi kokote kuanzia Arusha mpaka Zanzibar unakuta tingatinga zinauzwa, jina la mtu limekuwa jina la mchoro. Zingine ni mbaya, tuseme ukweli, zinatolewa kama matofali, twiga yule yule na jua lile lile, mtu anachora huku amelala. Hapo ndo nawaambia kuzoea kunakula hata kitu ambacho kilizaliwa na kutozoea.

Sasa kabla mzazi mmoja hajaondoka hapa akisema fundi amesema shida ndo inafanya mtu awe mbunifu, ngoja, sijasema hivyo. Na sitaki mgeni rasmi aende nalo ofisini. Kuna huu mtindo wa kuwasifia sana watu wenye shida, tukiona mtoto kachonga gari la waya tunapiga picha, tukiona makatambuga ya matairi tunasema jamani Waafrika wabunifu, halafu tunaondoka mtoto bado hana kiatu. Tingatinga angepewa turubai na rangi nzuri na miaka arobaini, nani anajua angefika wapi. Hawa mabinti wakipewa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, inayofanya kazi na umeme usiokatika, wataharibu kitu? Hawataharibu kitu. Kitambaa kidogo kinakufundisha, sawa, ila njaa haimfundishi mtu kushona, inamfundisha kukubali bei yoyote. Mgeni rasmi samahani, lakini ovaloki mbili pale karakana hazifanyi kazi, nimezijaribu nilipofika.

(Hapo watu walipiga makofi nikapoteza nilipokuwa. Nikakumbuka.)

Kujiendeleza. Watu wakisikia kujiendeleza wanafikiria kozi, cheti, kingereza. Nzuri zote. Mimi naomba niongelee upande ambao haumo kwenye cheti. Jamani sisi mafundi cherehani, tunajulikana kwa nini nchi hii? ... Hahaa, mmesema wenyewe. Uongo. Njoo kesho. Imebaki vifungo tu. Nilikuwa naipiga pasi sa hivi ukapiga simu. Kitambaa bado kiko kwenye mfuko alioleta nacho, hata hakijakatwa! Na wiki ya Idi ndo balaa, au Desemba, mtu kapokea nguo za mtaa mzima kwa tamaa ya advansi, usiku wa kuamkia sikukuu wateja wamejaa mlangoni wengine wanalia, watoto hawana nguo.

Sasa fikiria unachotakiwa kujifunza ili utoke kwenye hiyo tabia. Inabidi ujijue, nguo moja inakuchukua masaa mangapi kweli, si unavyotamani. Inabidi ujifunze kumwambia mteja anayekupenda, tena dada wa jirani, kwamba dada hii kwa Ijumaa haiwezekani, na uvumilie uso wake ukikunjika na pesa ikiondoka kwenda kwa fundi wa pili. Inabidi ujifunze kulala. Hilo la kusema haiwezekani ni gumu kuliko kushona koti, na utalifanyia mazoezi kila wiki pale pale kwenye kiti chako bila semina yoyote. Mtu aliyeweza kulisema kwenye cherehani siku moja ataweza kulisema hata nyumbani kwake, kwa mume, kwa mke, kwa ndugu wanaokuja kukopa.

Na maneno ya wateja. Mteja anavaa gauni anajiangalia kwenye kioo anasema mbona kama nimevaa gunia. Unaweza kununa, ni haki yako, au unaweza kumuuliza gunia wapi, kifuani au kiunoni? Akikuonyesha kwa kidole amekufundisha bure. Mteja hajui neno dati, hajui kukata mshazari, anajua gunia. Kazi ya kutafsiri gunia kwenda kwenye inchi moja na nusu pale chini ya kwapa ni yako, na ukiwa umenuna huwezi kuifanya.

Mambo mawili ya kufanya kwa mikono halafu nakaa chini, naona mkuu wa chuo anaangalia saa.

La kwanza ni mabaki. Kila mmoja wenu akikata nguo kuna vipande vinaanguka, vinakwenda kujazia mito au vinatupwa. Naomba muwe na kiroba. Kila mwisho wa wiki mwaga kiroba chini kabla hujafikiria cha kutengeneza, viangalie tu rangi zilivyoangukiana. Mwaka 2020 ugonjwa ulipoingia, barakoa za kitenge mlizovaa zilitoka kwenye vipande kama hivyo, tena fundi aliyekuwa na kiroba alianza kuuza wakati mwingine bado anatafuta kitambaa. Vifungo vya kufunika kwa kitambaa, tepe za nywele, mikoba ya unga unga ile ya vipande, nguo ya mwanasesere wa mtoto wa mteja, unampa bure huyo mtoto, mama yake harudi kwa fundi mwingine. Na kina bibi zenu wanaosuka mikeka waulizeni, ukili ule wenye michoro wanaupanga kichwani, hawachori popote, miaa iliyotiwa rangi inahesabiwa kwa vidole huku wanapiga stori. Kaa na bibi jioni moja umtazame vidole tu, utaondoka na michoro ya kutarizi ya mwaka mzima.

La pili ni daftari. Dogo la shule, la bei ya chini kabisa. Kila nguo iliyokusumbua andika ilikusumbua wapi na ulifanyaje, hata kwa mwandiko mbaya. Chora hata kama hujui kuchora, mimi michoro yangu mtu wangu mmoja aliiona akauliza huyu mbuzi ni wa nini, ilikuwa kola. Daftari si la kuonyesha watu mtandaoni. Ni kwa sababu ujanja ulioupata Jumatano usiku, umechoka, umeme umerudi saa tano, huo ujanja ukifika mwezi ujao umeusahau na utaanza upya kama hujawahi kukutana na tatizo hilo.

Baada ya hapo walinipa nafasi ya maswali na swali zuri kuliko yote lilitoka kwa binti mmoja mweusi mwembamba mwishoni kabisa, nadhani ndo alikuwa na wasiwasi kuliko wote. Akasema, mama, hayo yote sawa, nimekaa na kitambaa nimebuni mikono myeusi, lakini mteja tumeshakubaliana bei ya gauni la kawaida, sasa huo ubunifu nani analipa?

Nikamwambia mwanangu gauni la kwanza umelipa wewe. Hilo hulidai, ulikuwa unajifunza na yeye hakukuomba mikono myeusi. Ila rafiki yake atakapokuja kutaka kama lile, hapo bei inabadilika, maana sasa anataka kitu ambacho kipo kwako peke yako. Kaa chini upige hesabu: uzi, zipu, kile kitambaa cheusi ambacho sasa utakinunua, umeme au mkaa wa pasi, kodi ya fremu ukiigawa kwa siku, na masaa yako kwa kiwango ambacho ungemlipa msaidizi. Ukishapata hapo ongeza cha kwako juu, halafu taja bei mara moja kwa sauti ya kawaida na unyamaze. Mafundi wengi wanataja bei halafu wanaanza kujieleza, wanajipunguzia wenyewe kabla mteja hajafungua mdomo. Akaniuliza na akisema fundi wa pale ng'ambo ya barabara anashona kwa nusu ya bei hiyo? Nikamwambia muulize kama yule wa ng'ambo ameshawahi kushona mikono hiyo, na kama ameshawahi basi ujue ameiga kwako kwa kuiangalia, wewe fungua daftari, utafute ya pili.